Kikorni cha kununulia chakula: kadi, masikio, darasa au baraza?

Jumamosi moja asubuhi nilisimama mbele ya meza ya mayai nje kidogo ya Penzance, mji wa Cornwall huku Uingereza, nikatamka kwa Kikorni sentensi niliyoifanyia mazoezi juma zima: "Eus oyow genowgh?" Mna mayai? Mama muuzaji akainua uso, macho yakamng'aa, akanijibu papo hapo: "Eus. Py lies?" Nikabaki nimemkodolea macho. "Eus" nililijua: yapo. Hayo maneno mawili yaliyofuata sikuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu. Akanionyesha vidole sita, kisha mikono yote miwili, ndipo nikaelewa kwamba ananiuliza mangapi.

Kadi zangu za maneno zilikuwa na vyakula zaidi ya themanini. Maziwa yalikuwamo, jibini ilikuwamo, hata unga. Swali la muuzaji halikuwamo. Tangu siku ile nimepita njia nyingine za kujifunzia, na leo naziweka bega kwa bega kwa ajili ya msomaji anayetaka kuanza, awe anaishi Cornwall kama mimi au yuko mbali na ameipenda tu lugha yenyewe.

Kikorni, ambacho wenyewe hukiita Kernewek, ni lugha ya Cornwall, ile pembe ya kusini-magharibi mwa Uingereza inayochomoza baharini. Ndugu zake ni Kiwelisi na Kibretoni. Kiingereza ni jirani tu. Kilififia katika karne ya 18, kikaanza kufufuliwa mwaka 1904 Henry Jenner alipotoa kitabu cha kukifundisha, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakitambua chini ya mkataba wa Ulaya unaolinda lugha za wachache. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 557 wa England na Wales waliosema ndiyo lugha yao kuu. Kwa hiyo tuelewane mapema: hakuna atakayelala njaa Cornwall kwa kutojua Kikorni. Kila muuzaji anajua Kiingereza, na wengi hawajui hicho kingine zaidi ya salamu. Ila chakula kinanunuliwa kila wiki, na neno linalotajwa kila wiki halisahauliki. Halafu kuna Dolly Pentreath, mwanamke wa kijiji cha Mousehole aliyefariki mwaka 1777, anayekumbukwa kuliko wote miongoni mwa wazungumzaji wa mwisho. Kazi yake ilikuwa kuuza samaki. Lugha hii ilishikiliwa hadi mwisho na watu wa samaki, na kuirudisha kupitia kikapu cha sokoni ni kuirudisha ilikotoka.

Kabla ya kulinganisha, tujue mnunuzi anahitaji nini. Anahitaji majina ya vitu. Anahitaji kuuliza kama kitu kipo. Anahitaji namba na pesa. Na anahitaji kuelewa anachojibiwa, jambo ambalo wengi tunalisahau kwa sababu tukiwa peke yetu nyumbani hakuna anayetujibu.

Kadi za maneno

Za karatasi au za kwenye simu, ni kitu kilekile. Ndiyo njia rahisi kuliko zote kuanzia, na kwa majina ya vyakula hakuna inayoishinda. Ndani ya siku kumi nilikuwa nimeshika "bara" (mkate), "leth" (maziwa), "keus" (jibini), "amanyn" (siagi), "oy" (yai) na wingi wake "oyow", "kig" (nyama), "pysk" (samaki), "holan" (chumvi), "bleus" (unga), "aval" (tofaa), "aval dor" (kiazi, yaani tofaa la ardhini), "dowr" (maji), "te" na "koffi" ambayo hayahitaji maelezo, na "hern", wale samaki wadogo wa jamii ya sardini waliolisha vijiji vya pwani hii kwa karne nyingi.

Mswahili ana vishikizo vyake mwenyewe vya kukumbukia. "Bara" kwetu ni nchi kavu, basi mimi naona mkate mkubwa umekaa upande wa pili wa bahari ya Zanzibar. "Sugra" na sukari ni neno moja lililopita njia mbili, yote yakianzia kwenye sukari ya Waarabu. Nililolipenda zaidi ni "diner", yaani peni, ile pesa ndogo ya Uingereza: linatokana na "denarius" ya Warumi, pesa ileile iliyozaa dinari tunayoijua sisi kutoka kwa Waarabu. Ukiona "diner" kwenye bei, umeshakutana nalo zamani.

Shida ya kadi inaanza pale neno linapotoka kwenye karatasi na kuingia kwenye sentensi. Angalia samaki:

pysk: samaki
dew bysk: samaki wawili
tri fysk: samaki watatu
peswar pysk: samaki wanne

Herufi ya kwanza inabadilika kufuatana na neno lililotangulia. Mtu aliyekariri "pysk" peke yake akisikia "fysk" atadhani ni samaki wa aina nyingine. Na pesa hufanya hivyohivyo, hapo ndipo panapouma. Pauni ni "peuns". Pauni mbili ni "dew beuns", tatu ni "tri feuns", nne ni "peswar peuns". Nimewahi kusimama na pochi wazi nikitafuta "feuns" kichwani, nisiipate, ilhali ni pauni tatu tu.

Sisi hatuna haki ya kuliogopa jambo hili, maana tumelelewa na lugha inayogeuza maneno mwanzoni: mtu, watu, ulimi, ndimi, samaki wawili, mayai mawili, viazi viwili. Kikorni nacho hubadilisha namba kulingana na jinsia ya jina, kama ni la kiume au la kike. Samaki wawili ni "dew bysk" lakini keki mbili ni "diw desen", kutoka "tesen", kwa sababu keki ni jina la kike. Kuna afueni moja: baada ya namba jina hubaki katika umoja. Mayai sita ni "hwegh oy", hakuna haja ya "oyow". Ukishaijua kanuni hiyo, nusu ya orodha yako ya sokoni imejiandika yenyewe.

Kadi zinaweza kutibiwa. Zangu nimezichana na kuandika nyingine, kila moja ina fungu zima la maneno: "tri feuns", "hwegh oy", "tamm a geus" (kipande cha jibini, "keus" imegeuka "geus" baada ya "a"). Zinachukua muda mrefu kuandika, lakini sasa zinafanana na kinachosemwa mezani.

Kozi ya kusikiliza

Hapa nazungumzia hasa SaySomethingin, wale waliojulikana kwanza kwa kozi yao ya Kiwelisi, ambao wana pia ya Kikorni. Unapewa sentensi ya Kiingereza masikioni, unapewa nafasi ya kuitamka kwa Kikorni, kisha unasikia jibu sahihi. Huandiki kitu. Duolingo, ile programu ya simu ya kujifunzia lugha, kwa wale wanaouliza kila mara, haina Kikorni.

Kwa mtu wa lugha yetu, uzito upo kwamba unapita kwenye Kiingereza kufika Kikorni, na kichwa kinachoka mara mbili. Mimi hugeuza kwanza kwa Kiswahili kimoyomoyo, na mara nyingi nagundua kwamba njia hiyo ni fupi zaidi. Chukua kuwa na kitu. Kiingereza kina kitenzi chake. Kikorni hakisemi hivyo. "Eus leth genowgh?" neno kwa neno ni "kuna maziwa pamoja nanyi?" Nasi tukisema "mna maziwa?" tunasema nini? M-na: nyinyi pamoja na maziwa. "Yma bara genev", mkate upo nami, ndiyo "nina mkate" yetu ileile. Wenzangu Waingereza darasani walihangaika na jambo hili wiki mbili nzima. Mimi lilinikaa siku hiyohiyo.

Jibu nalo ni la kwetu. Ukiuliza "eus?", anayejibu hurudia kitenzi: "eus", kipo, "nag eus", hakipo. Kama dukani Tanga: "Sukari ipo?" "Ipo." Upo msemo wa zamani wa Kikorni ambao watu wengi huku wanaujua hata kama hawajui mwingine: "Eus keus? Eus, po nag eus? Mars eus keus, dro keus. Po nag eus keus, dro peth eus." Jibini ipo? Ipo au haipo? Kama ipo, lete jibini. Kama haipo, lete kilichopo. Ukiusema mara ishirini njiani kwenda sokoni, umejifunza kuuliza, kukubali, kukanusha na kuagiza, na ulimi umezoea ile sauti ya "eu" isiyokuwamo kwenye irabu zetu tano.

Na hiyo sauti ndiyo sababu naitetea kozi ya kusikiliza. Maandishi ya Kikorni yanatubembeleza sisi Waswahili: "dh" ya "dydh" (siku) ni ileile ya dhahabu, "th" ya "leth" ni ileile ya thelathini. Tunasoma na kudhani tumefika. Kumbe "eu" ya "keus" haiandikiki kwa herufi zetu, na "gh" ya "marghas" (soko) iko karibu zaidi na "kh" ya Khamis kuliko "gh" ya ghali. Mambo haya yanaingia kwa sikio tu. Mvuvi William Bodinar, wa Mousehole pia, aliandika barua mwaka 1776 akieleza jinsi alivyojifunza Kikorni utotoni: alikwenda baharini na baba yake na wanaume wengine, na wiki nzima ndani ya mashua hakusikia neno la Kiingereza. Kozi ya masikioni haifikii mashua ile, lakini inaelekea huko.

Upungufu wake ni vyakula. Kozi ya namna hii hujengwa juu ya vitenzi: kutaka, kujaribu, kusema, kuweza. Utajua kusema unataka kitu mapema sana, na utachelewa kujua jina la kitu chenyewe. Ndiyo maana kadi na masikio vinahitajiana.

Darasa

Madarasa ya jioni yapo miji kadhaa ya Cornwall, na mengine hufanyika kwa intaneti, hivyo hata aliye Muscat au Toronto anaweza kujiunga saa zikimruhusu. Bodi ya lugha, Kesva an Taves Kernewek, ina mitihani ya ngazi nne kwa wanaopenda cheti. Faida kubwa ya darasa ni mwalimu anayekukatiza. Ukisema "dew pysk" anakurudishia "dew bysk" papo hapo, na mwezi wa pili unaanza kujikatiza mwenyewe.

Hasara yake kwa mwenye haja ya sokoni ni mpangilio. Somo la chakula lina zamu yake, na kabla yake kuna familia, hali ya hewa na kazi. Darasa langu lilifika kwenye duka baada ya miezi minne. Ila tulipofika tulikaa hapo vizuri. Mwalimu aliweka meza mbili, akagawa karatasi za bei, tukauziana hadi saa mbili na nusu usiku. Pale ndipo nilipojifunza "Pygemmys yw?" (bei gani?), "Ottomma" (hii hapa), "Re ger yw!" (ni ghali mno) na "My a garsa prena..." (ningependa kununua...). Pale pia nilijifunza kwamba "gwerthji", duka, ni nyumba ya kuuzia, na "gorvarghas", duka kubwa la kujihudumia, ni soko lililopita soko: "marghas" yenye "m" iliyogeuka "v". Tangu hapo siwezi kupita Market Jew Street pale Penzance bila kukumbuka kwamba jina lake latoka "Marghas Yow", gulio la Alhamisi, wala kupita Marazion bila kusikia "Marghas Vyghan", soko dogo. Mji mzima umebandikwa maneno ya sokoni, na watu wanapita.

Suala la tahajia lazima nilitaje, maana humchanganya kila mgeni. Wafufuaji hawakukubaliana kwa miongo mingi namna ya kuandika, mpaka mwaka 2008 ilipopatikana tahajia ya pamoja, ambayo nayo inaruhusu sura mbili: moja inayofuata Kikorni cha karne za kati na nyingine ya kile cha mwisho. Ndiyo maana utaona "pysk" mahali pamoja na "pesk" mahali pengine, "myttin" hapa na "metten" pale, yote yakiwa asubuhi. Usitumie nguvu zako kuchagua upande. Fuata anachoandika mwalimu wako, na ujue sura ya pili kwa macho tu ili usipotee ukiikuta kwenye kibao. "Bara" ni "bara" kote.

Kwa asiyeweza saa maalumu ya darasa, ipo pia Kernewek Dre Lyther, kozi ya masafa inayokupa mtu wa kukusahihishia kazi zako za maandishi. Ni njia nzuri kwa sarufi. Kwa sokoni ni ya polepole mno, na sikio linabaki na njaa.

Baraza

Wakorni wana mikutano inayoitwa "Yeth an Werin", kwa maana ya lugha ya watu. Watu hukutana, mara nyingi baa, kwa ajili ya kuzungumza tu. Hakuna mwalimu wala ada. Ukizoea kukaa barazani jioni, utajisikia nyumbani. Asiyekunywa pombe asisite: nimekaa pale miezi mingi na "dowr" au "koffi" mbele yangu na hakuna aliyeniuliza.

Ukilinganisha na darasa, baraza halina mpangilio wowote na halikusubiri. Siku ya kwanza sikuelewa neno moja kati ya kumi. Lakini kile kilichonishinda kwenye meza ya mayai, baraza ndilo linalokifundisha: watu wanakuuliza. "Te po koffi?" Chai au kahawa? "Leth?" "Sugra?" "Py lies?" Na jibu linatakiwa sasa hivi, mbele ya uso wa mtu anayetaka ufaulu. Mzee mmoja hunitajia bei ya kila alichonunua wiki hiyo, akiniuliza kama ni ghali kuliko duka la jirani. Namba za Kikorni zimeniingia kwa njia yake, hata zile zinazohesabiwa kwa ishirini: arobaini ni "dewgens", ishirini mbili, sitini ni "tri ugens", ishirini tatu. Kabla ya hapo nilikuwa na jedwali ukutani na halikunisaidia.

Usiende baraza ukiwa mtupu, hata hivyo. Aliyekwenda bila maneno mia moja na salamu huondoka amekata tamaa, na sijamwona akirudi.

Uchague ipi?

Kama unaishi Cornwall na una jioni moja kwa wiki, chagua darasa, na mwezi wa tatu ongeza baraza. Gharama ya darasa utairudisha kwa kutojifunza makosa. Kama kazi yako ni ya zamu kama yangu, ya kulea wazee usiku na mchana kwa kubadilishana, darasa litakuponyoka. Chukua kozi ya kusikiliza, isikilize ukienda kazini, na andika kadi zako mwenyewe za mafungu ya maneno. Aliye mbali kabisa, asiyetarajia kusimama mbele ya meza ya mayai, na achague darasa la intaneti kuliko programu yoyote, kwa sababu bila hilo hatakuwa na mtu wa kumjibu. Na mwenye mtoto kwenye shule ya msingi ya Cornwall aulize kwanza shuleni, kwani shule kadhaa zina vipindi vya Kikorni kupitia mpango wa Go Cornish. Mtoto anayeleta "keus" nyumbani ni mwalimu asiye na saa za kazi.

Kadi peke yake simshauri mtu. Nimezitumia kwa miezi mitatu nikiamini najua, na zimenifikisha kwenye ukimya mbele ya mama yule.

Kwa wiki mbili za kwanza, njia yoyote utakayochagua, ningefanya hivi. Bandika majina kwenye jokofu na makabati: "leth" kwenye maziwa, "amanyn" kwenye siagi, "holan" kwenye chumvi. Andika orodha yako ya ununuzi kwa Kikorni, ukiweka idadi: "hwegh oy, tri fysk". Jifunze "Dydh da", "mar pleg" na "meur ras", kwa maana salamu, tafadhali na asante. Tafuta mtu mmoja, hata kwa simu, akuuzie kwa mchezo dakika tano kila jioni, naye awe ndiye anayeuliza "Py lies?" Siku ya nane badilishaneni, wewe uwe muuzaji. Mimi nilipokaa upande ule wa meza, nikalazimika kumuuliza mwenzangu anataka mangapi, ndipo "py lies" iliponikaa kinywani.